Injinia na Mkwaruzo wa Ukubwa wa Ukucha

Sogeeni, nyote mliozoea habari za majemadari waliovuka mito iliyofurika na kuangusha kuta za miji. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani atue mzigo, na aliyekuja kukopa chumvi akae kwanza, chumvi haikimbii. Leo hatusimulii vita vya mkuki wala vya baruti. Leo ni vita vya brashi. Tunamsimulia Injinia, Simba wa Spana, Bwana wa Kopo, mume wa mke mmoja na mkwe wa mama mmoja, aliyepigana siku kadhaa, mchana kweupe, na adui mwenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo cha mkono. Akatumia katika vita hivyo makopo sita, misasa isiyo na idadi, suruali mbili, na akili yote aliyojaliwa, ambayo kwa bahati njema ilitosha mpaka Alhamisi.

Cheo cha uinjinia hakukipata chuoni. Kazini alikuwa karani wa ghala, mtu wa kuhesabu magunia yaingiapo na yatokapo. Cheo alipewa na mtaa, siku ile alipoifungua redio ya Fundi Rangi, jirani wa pale kona, redio iliyokuwa ikikoroma, akaifunga tena, nayo ikaacha kukoroma. Ikaacha na mambo mengine yote. Skrubu tatu zilibaki mezani. Shujaa akazitazama bila woga akasema hizo ni za ziada, kiwandani huziweka kwa tahadhari. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Injinia, naye, kwa unyenyekevu wa mashujaa, akaitika.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama uani, na mtu anayeshona kutwa dirishani huona mengi ambayo hakuulizwa. Alishona sare za shule. Zilikuwa sare nzuri, mishono imenyooka, mifuko haitoboki kwa mawe ya watoto. Tatizo lilikuwa njia. Sare zilisafiri kwa mkokoteni, zikafika zimekunjamana kama uso wa aliyeamshwa usingizini, na mara nyingine zilifika shule ikiwa imeshafunguliwa. Mwalimu mkuu wa shule ya kule ng'ambo ya kilima alimwambia bila kuzunguka, "Mkono wako naupenda, mama. Ila siwezi kuwasimamisha watoto mia mbili kwenye gwaride bila shati. Ukipata gari, njoo tuongee."

Gari lilikuwepo. Lilikuwa la mama yake mzazi, yaani mama mkwe wa Injinia: pikapu ya miaka ishirini na mbili, ya bluu, iliyonunuliwa kwa mayai. Kuku wametaga, trei zimebebwa, na gari likapatikana. Hakuna mwanamume aliyechangia hata tairi. Mshonaji alijifunza kuendesha ndani ya gari hilo hilo kabla hajaolewa, akipeleka mayai madukani, na siku aliyovunja trei nzima kwa breki ya ghafla alikula mayai ya kukaanga wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka akajua kushika breki.

Basi ikawa Mama Mkwe anasafiri kwenda kumuuguza dada yake aliyepasuliwa goti. Akalileta gari Jumatatu kwa bintiye, akaliegesha ukutani, na kwa sababu ya heshima ya nyumba akamkabidhi ufunguo mwenye nyumba.

"Mkwe wangu," akasema, "uliwashe kila asubuhi, lingurume dakika tano, ulizime. Basi. Usiliendeshe, usilisogeze, usilipigie hata honi. Nikirudi Jumapili nikalikuta kama nilivyoliacha, litakuwa lenu kila Jumanne na Ijumaa, mke wako apelekee sare zake. Nikilikuta vingine, nitalipeleka kwa mtoto wa dada yangu, na tusilaumiane."

Hapo Injinia akasimama wima, akaweka mkono kifuani, akanena, "Mama, tangu dunia iumbwe na chuma kifuliwe, hajapata kukabidhiwa mtu chombo akakitunza kama nitakavyokitunza hiki. Jua litachoka kulitazama gari hili kabla mimi sijachoka kulilinda. Vumbi likitua juu yake litaniomba radhi."

"Dakika tano tu, baba," akasema Mama Mkwe, akaondoka zake stendi.

Mshonaji akarudi kwenye cherehani. Alitunga uzi sindanoni. Lakini moyoni zile siku mbili alikwishazishona na kuzipiga pasi.

Jumanne alfajiri shujaa alikuwa bado amelala, kwa maana kuwasha injini ni kazi ndogo mno kwa mtu wa cheo chake. Mkewe akauchukua ufunguo msumarini, akaliwasha, likanguruma dakika tano, akalizima, akaenda kwenye cherehani. Jioni Injinia akarudi kutoka kazini akiwa na wazo. Hakuna kitu cha kuogopwa mtaani pale kama Injinia mwenye wazo.

"Nitaliosha," akatangaza. "Mama akirudi alikute linang'aa."

"Mama amesema alikute kama alivyoliacha."

"Kung'aa si kubadilika, mke wangu. Kung'aa ni kuwa vile vile, kwa usafi."

Bomba la maji lilikuwa karibu na geti. Mume akaingia kwenye usukani, akarudisha gari nyuma hatua kumi, akiwa ametoa kichwa dirishani upande ambao hakukuwa na kitu. Upande wenye kitu, komeo la geti lilikuwa limechomoza kama ulimi wa mmbea, nalo likalilamba gari ubavuni, nyuma ya mlango wa kushoto. Sauti ilikuwa ndogo. Mshonaji aliisikia kupitia mlio wa cherehani, mguu wake ukaacha kukanyaga.

Wakainama wote wawili. Pale palikuwa na mkwaruzo. Wanahistoria wa baadaye wataupima kwa mita, lakini sisi tuliokula kiapo cha ukweli tunasema ulikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, tena ukucha uliokatwa.

"Nenda pale kona kwa Fundi Rangi," mkewe akamwambia taratibu. "Hiyo ni kazi ya robo saa."

Injinia akainuka, na kivuli chake kikarefuka mpaka jikoni. "Mimi? Gari la mama mkwe wangu nilipeleke kwa mtu anayepaka magari amevaa ndala? Mtu ambaye mpaka leo ananidai redio? Aende akapake vitanda vya hospitali. Mkono huu ulioleta mkwaruzo ndio utakaouondoa, na vizazi vitapita hapa vikitafuta mahali ulipokuwa, visipaone."

Kwa sehemu ya mwisho, kusema kweli, alitabiri sawa.

Jumatano jemadari akaenda kununua silaha. Na hapa ndipo majaliwa yalipomcheka, kwa kuwa duka la karibu lenye rangi ya magari lilikuwa la Fundi Rangi mwenyewe.

"Karibu, Injinia. Bluu ya nini?"

"Ya mlango wa choo."

"Rangi ya gari kwenye mlango wa choo?"

"Ni choo kinachoheshimika," akajibu, akachukua kopo dogo la bluu na dogo la nyeupe, akaenda zake shingo imenyooka.

Akajifungia stoo, chini ya taa ya manjano, akawa anachanganya. Tone la nyeupe, akakoroga. Tone la bluu, akakoroga. Anatoka mbio na kijiti, analinganisha na gari lililokuwa tayari kwenye giza la magharibi, anarudi mbio. Mshonaji akasimama mlangoni na nguo begani.

"Changanyia nje, kesho, juani. Sisi hatuchagui uzi chini ya taa. Utachagua bluu, kukicha unakuta umeshonea kijani."

"Uzi ni uzi. Hii ni rangi."

"Basi ipake kwanza kwenye kifuniko cha kopo, ikauke, uone inakuwaje. Nadhani ikiwa mbichi inadanganya."

"Mke wangu mpendwa," akasema yule mwenye hekima, huku bluu ikimchuruzika kwenye kiwiko, "nenda kashone."

Akaenda kushona. Injinia akapiga msasa mahali pa mkwaruzo. Na kwa kuwa mkono wa shujaa haujui kugusa kidogo, alipomaliza kupiga msasa ukucha ulikuwa umekuwa kiganja. Akapaka. Kwa tochi, lilikuwa jambo la ajabu: rangi na rangi zilikutana kama ndugu waliopotezana. Akalala usingizi wa washindi.

Alhamisi kulipopambazuka, mkewe alitoka kwenda kuliwasha gari, akasimama. Kiganja kilikuwa kimekauka, na kilivyokauka kilikuwa kimekolea. Ubavu wa gari, uliofifishwa na jua la miaka ishirini na mbili, ulikuwa bluu ya shuka la zamani. Kiganja kilikuwa bluu ya wino. Kilikaa pale kama kiraka cha kaptula ya darasa la kwanza, na kingeonekana na mtu aliye kwenye mlima wa jirani, akiwa amefumba jicho moja.

Alimwamsha. Injinia akaja na taulo, akatazama, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia. Kisha akatoa hukumu ambayo itasomwa na waliosoma: "Kiraka hakina kosa. Gari ndilo limefifia."

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kumwona mtu aliyeziba ufa na kwa kuziba kwake akalazimika kujenga ukuta. Jioni ile Injinia, akitoka ghalani, hakupita nyumbani kunywa maji. Alipita kwa Fundi Rangi.

"Mlango wa choo umekuwa mkubwa?" Fundi akauliza.

"Una pande mbili."

Alipaka ubavu wote wa nyuma upande wa kushoto, ili kiraka kikose pa kuonekana. Ila alikwishasahau matone ya jana, na bluu hii ikawa binamu tu wa bluu ile. Kiraka kikaonekana chini yake kama jicho lililovimba. Tena sasa mlango wa mbele ukawa hauendani na ubavu. Akapaka mlango. Kopo likaishia kwenye kitasa.

Ijumaa akaomba ruhusa kazini, akisema ana mgonjwa. Ilikuwa kweli, ila mgonjwa alikuwa mzima mpaka alipotibiwa. Akapaka madigadi. Akapaka nusu ya boneti, nusu ile inayoonekana ukisimama kushoto. Inzi wanne waliotua kutazama walibaki hapo hapo milele. Kufika alasiri gari lile, ukilitazama kulia, lilikuwa moja. Ukilitazama kushoto, lilikuwa jingine. Na ukilitazama kwa mbele yalikuwa magari mawili yaliyogongana yakashindwa kuachana. Mama jirani alichungulia juu ya ukuta akawapongeza kwa kununua la pili.

Fundi Rangi naye hakujizuia. Alipita na baiskeli yake, akasimama getini. "Injinia, samahani, choo chenu kina milango mingapi?"

"Minne."

"Hongereni. Hicho ni choo cha stesheni."

Hapo ndipo Simba wa Spana alipoketi juu ya ndoo iliyofunikwa, brashi ikining'inia kati ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu aumbwe akakosa hotuba. Mshonaji aliiona ile migongo miwili dirishani, wa mume na wa gari, yote imeinama. Akanyanyua mguu kwenye cherehani. Akatoka, akageuza ndoo nyingine, akaketi kando yake.

"Mama anafika keshokutwa saa nane," akasema.

"Najua."

"Zile siku mbili nilikuwa nazitaka sana."

Mume akakwangua rangi iliyokauka ukuchani. "Najua. Ndiyo maana nilitaka ling'ae."

Mke akamgeukia. Alimtazama tu, sikio lake la kushoto lilikuwa la bluu ya Alhamisi na pua ya Ijumaa, na mtu aliyejipaka kiasi hicho kwa ajili yako ni vigumu kumgombeza mpaka mwisho. Akainuka, akalizunguka gari polepole, kama azungukavyo meza yenye kitambaa kabla ya kushika mkasi. Akafungua mlango. Akaingiza kucha kwenye ule mpira unaozuia mvua, akauvuta kidogo.

"Njoo uone," akasema.

Chini ya mpira, mahali ambapo jua halijafika tangu gari lizaliwe, palikuwa na utepe wa bluu ambayo hakuna aliyekuwa akiikumbuka: bluu kali, iliyoshiba, isiyo na soni.

"Nguo ikififia, ukitaka kujua ilianza na rangi gani unafungua pindo," akasema mshonaji. "Umeshalichafua nusu, hatuwezi tena kulirudisha lilivyokuwa juzi. Tulirudishe lilivyokuwa siku ya kwanza. Lote. Kwa kopo moja, mchanganyo mmoja."

"Nilikuwa nafikiria hivyo hivyo," akasema Injinia.

Sasa, enyi wasikilizaji, vita vikabadili jemadari, na kama ilivyo desturi ya vitabu vya historia, hakuna tarumbeta iliyopigwa. Jumamosi asubuhi mshonaji aliliwasha gari dakika tano, akalizima, akachukua bisibisi, akafungua skrubu mbili za kile kifuniko kidogo cha tundu la mafuta, ambacho kwa ndani kina rangi yake ya kuzaliwa, akakifunga kwenye leso akaenda nacho pale kona.

Fundi Rangi akakipokea, akakigeuza. "Shemeji, huu ndio mlango wa choo?"

"Ndio wenyewe."

"Mbona una sehemu ya kuwekea mafuta?"

"Choo chetu kinatumia dizeli. Toa meza yako nje, kaka, unichanganyie juani."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akatoa meza. Akachanganya, mshonaji akachovya kijiti, akapaka kwenye kifuniko cha kopo, akakaa juu ya tofali akisubiri. Fundi alimwambia inafanana. Mshonaji akasema wangoje ikauke. Ilipokauka ilikuwa imekolea mno. Fundi akaongeza nyeupe. Wakangoja tena. Mara ya tatu mshonaji akaweka kifuniko cha kopo na kifuniko cha gari pamoja, akatembea navyo kivulini, akarudi navyo juani, na hakuweza tena kusema kipi ni kipi. Ndipo alipochukua kopo, likiwa kubwa kama la mwisho wa dunia.

Nyumbani alimkuta mumewe amejipanga, na kitambaa amekifunga kichwani, na mpango wa vita ameuchora kwenye boksi.

"Nimeligawa gari katika majimbo saba," akaanza. "Mimi nitashambulia kutoka..."

"Wewe shika kopo."

Akashika kopo. Mkewe akamwaga maji uani ili vumbi lilale, akalisogeza gari chini ya bati la baraza, akalipiga msasa wa maji lote, kiraka na binamu zake, inzi wanne na yote, mpaka kiganja kikalala sawa na ubavu. Akabandika karatasi kwenye vioo na taa, kwa makini, kama anayepima mkanda wa sketi. Kisha akaanza kupaka, kwa rola ndogo ya sponji, na nyuma yake brashi pana ikipita kwa ncha tu; mkono mmoja, mwelekeo mmoja, kutoka juu kwenda chini, pasipo kurudi, kama apigavyo pasi kitambaa kinachokumbuka kila kosa. Aliingia ndani ya pindo za milango. Aliingia chini ya ukingo wa boneti, mahali ambapo hata Mungu huangalia mara chache.

Injinia alishika kopo. Tusimpunje sifa zake. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza kila iliposogea rola, akalikoroga alipoambiwa, akaacha kulikoroga alipoambiwa. Mara mbili alitaka kutoa ushauri. Mara mbili mkewe alimtazama. Saa kumi na moja jioni brashi ikatua. Gari lote lilikuwa rangi moja. Injinia akalizunguka kimya, akarudi, akasema kwa sauti ndogo isiyo yake, "Halina mshono."

Jumapili asubuhi mke akaliwasha, dakika tano, akalizima. Saa nane Mama Mkwe akaingia getini na mkoba wake. Hakusalimia. Aliutua mkoba chini, akalizunguka gari mara moja, akalizunguka mara ya pili akiwa ameweka mikono nyuma, na mara ya tatu akiwa amekunja uso. Mshonaji alihisi zile siku mbili zikifumuka uzi mmoja mmoja.

"Rangi hii," akasema Mama Mkwe.

"Ni rangi yake ya kwanza, mama," bintiye akasema. "Ya siku uliyolinunua."

"Naijua. Nilikuwepo." Akagusa mlango kwa kidole, akakitazama kidole. "Niliichukia tangu siku hiyo. Yalikuwa yamebaki mawili, hili na jekundu lenye mistari kama la sarakasi. Miaka ishirini na mbili nimelingoja jua liitulize rangi hii. Ndiyo kwanza ilikuwa imetulia."

Wakati huo Injinia akaona umefika wasaa wake. Akajitokeza mbele, akakohoa kikohozi cha heshima. "Mama, katika historia ya vyombo vya moto, hutokea nyakati ambapo mlinzi mwaminifu, akiongozwa na upendo, huona kwamba..."

"Umeligonga wapi?"

"...kwamba chuma nacho kina kiu ya..."

"Mkwe wangu. Nimeuliza wapi."

Akaonyesha kwa kidole. Hapakuwa na kitu cha kuonekana.

"Kwa ukubwa gani?"

Akanyoosha kidole kidogo, akaonyesha ukucha.

Mama Mkwe akautazama ukucha, akalitazama gari, akaurudia ukucha. "Kwa kitu hicho," akasema, "mmenyonyoa kuku mzima." Akanyoosha mkono, akapewa ufunguo, akapanda kwenye usukani. Akawasha. Injini ikaitika papo hapo, laini, bila kukohoa. Akaiacha ingurume, akiinamisha sikio.

"Nani alikuwa akiliwasha?"

Injinia akafungua kinywa. Kisha, na hili liandikwe, akakifunga.

"Mimi, mama," akasema mshonaji.

"Kila siku?"

"Kila siku, kabla ya kukaa kwenye cherehani. Na jana, kabla ya kupaka. Dakika tano."

Mama Mkwe akafungua mlango wa usukani. Akaupitisha mkono ndani ya pindo la mlango, pale palipopakwa na hapaonekani. "Niliagiza jambo moja tu," akasema, kama anayejisemea. Akashuka. Akazunguka mbele ya boneti, mwanamke ambaye tangu alinunue gari lile hakuwahi kumwachia mtu usukani akiwa yeye yumo ndani, isipokuwa labda siku za mafunzo ya mayai. Akafungua mlango wa abiria, akaketi, akapakata mkoba wake.

"Twende unifikishe kwangu, kuku wana wiki hawajaniona. Na Jumanne uje kulichukua saa moja kamili. Ila uwe unaliegesha juani, mwanangu. Huko shuleni kusiko na mti."

Mshonaji akapanda. Alikaa sawa, akarekebisha kioo, na katika kioo akamwona Simba wa Spana akipanda nyuma peke yake, kwa uangalifu, bila kugusa ukingo.

Pale kona Fundi Rangi alikuwa ameketi mlangoni kwake, na watu wanne watano wakicheza bao. Gari likapunguza mwendo kwa sababu ya shimo. Fundi akasimama. Akalitazama kuanzia taa mpaka bampa la nyuma, kwa jicho la mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na mzaha ukamtoka usoni.

"Injinia," akaita, "kazi ya nani hiyo?"

Bao likasimama. Mshonaji alisikia swali kupitia dirisha lililo wazi, mguu wake ukaganda kwenye breki. Nyuma kule, amesimama juu ya bodi kama kinara wa msafara, mbele ya mashahidi na mbele ya mwenye redio, mume wake alivuta pumzi ile ndefu ambayo siku zote hutangulia hotuba.

"Mke wangu," akasema.

Maneno mawili. Andikeni, enyi mnaojua kuandika. Miji imejengwa, wafalme wamepinduliwa, milima imetobolewa kwa jasho dogo kuliko lililomtoka mtu yule kwa maneno mawili. Hakuna jiwe litakalosimamishwa pale kona, na bao liliendelea, lakini siku ile ipewe mwaka wake katika hesabu ya miaka.

Gari likatoka shimoni. Lilikuwa limeshafika mbali kidogo, hatua ishirini hivi, sauti ilipofuata kutoka nyuma, ikapigana na upepo ili isikike na wote:

"Lakini kopo nilishika mimi."